Alama ya Kujumlisha

Dativa aliolewa na mtu aliyejua kwamba hatazeeka. Hakufichwa. Beatus alimwambia mwenyewe kabla ya posa, wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya kanisa baada ya misa ya pili. Aliuchukua mkono wake akauweka kifuani, apate kusikia jinsi moyo ulivyogonga na kuvuma kama mashine ya kukoboa mpunga iliyolegea mkanda.

"Sikiliza vizuri," alimwambia. "Hiki ndicho unachotaka kuolewa nacho. Ukiona vibaya, sema sasa, wazazi wangu hawajapanda basi kutoka Mahenge."

Dativa alisikiliza, kisha akautoa mkono na kumwambia kwamba kwao Mkula mashine ya namna hiyo ilikuwa imekoboa mpunga wa kijiji kizima tangu yeye yuko darasa la tatu, na bado ilikuwa inakoboa. Beatus alicheka mpaka akakohoa. Mwaka ule ule wakafunga ndoa.

Ugonjwa wenyewe ulianzia utotoni. Beatus alipokuwa mdogo, huko milimani Ulanga, alipata homa za koo zisizokwisha, na magoti yakamvimba. Akapona koo, akapona magoti, lakini moyo ukabaki na kovu. Madaktari wa Dar es Salaam walimwambia kwamba upasuaji wake ulifanyika ng'ambo tu, kwa wenye kufadhiliwa. Wakati huo alikuwa chuoni akisomea kompyuta. Alimaliza masomo, na pale wenzake walipokimbilia mabenki na makampuni ya mjini, yeye akarudi na kukaa bondeni Ifakara, chini ya milima ya kwao. Alisema Dar ina ngazi nyingi mno, na Ifakara ni tambarare, mtu anaweza kwenda kazini bila kupanda hata kijiwe.

Walifanya kazi mahali pamoja, kwenye hospitali ndogo ya masista upande wa Kibaoni. Dativa aliajiriwa kwanza, kama mpiga chapa. Marafiki wa masista huko Ulaya walipoleta kompyuta zilizokwisha kutumika, Beatus akaitwa kuziunganisha kwa nyaya, moja maabara, moja wodi ya wazazi, moja duka la dawa na nyingine ofisini. Dativa akatoka kwenye mashine ya chapa akahamia kwenye kibodi ya kompyuta. Nyumbani walikuwa na binti mmoja, Brigita, aliyejifunza mapema kwamba baba hapandwi mgongoni wala habebi mtu, ila anajua hadithi nyingi.

Jambo lililomfanya Beatus aandike programu yake lilitokea mwaka wa tisini na saba. Mtoto wa jirani yao alipungukiwa damu kwa sababu ya malaria. Damu za wazazi hazikulingana na yake, ndugu wengine walikuwa mashambani, na mtoto akafa mchana kweupe. Kesho yake msibani akajitokeza kijana wa nyumba ya tatu kutoka pale, akasema damu yake ni ya kundi lile lile, aliwahi kupimwa shuleni, na jana alikuwa nyumbani tu akitengeneza redio. Hakuna aliyemwita. Beatus alirudi kutoka msibani, hakula, akaketi mezani akaanza kuchora visanduku.

Ilimchukua mwaka na ushei, kwa sababu kuna wiki moyo ulimlaza. Ilipokamilika, muuguzi wa wodi yoyote aliweza kufungua ukurasa mmoja kwenye kompyuta yake na kubonyeza mahali palipoandikwa "Tafuta Damu". Programu yenyewe haikukaa kwenye kompyuta ya wodini. Ilikaa kwenye kompyuta ya maabara, na kila ilipoitwa ilipita kwenye waya, ikafunguka mbele ya muuguzi. Hapo aliandika kundi la damu, akaletewa majina ya watu waliokubali kutoa, mahali wanapokaa, na nani yuko karibu zaidi. Wale ambao hawajatimiza miezi mitatu tangu watoe mara ya mwisho, programu iliwaacha wapumzike bila kuwataja.

Majina yale yote aliyaingiza Dativa. Aliyakusanya nyumba kwa nyumba, kanisani, msikitini, na kwenye vijiwe vya mafundi, akiwaeleza watu kwamba kutoa damu hakupunguzi nguvu za kulima. Wengi aliwajua kwa sura. Na wapo waliomwita "Mama Damu", naye akaitika.

Ili programu ile ifunguke, ilihitaji programu nyingine ya chini yake, ya kuibeba. Pale ofisini waliiita injini. Beatus aliiandika juu ya injini toleo la moja nukta moja. Kwenye ukurasa wa kufungulia palikuwa na mstari mmoja ulioieleza kompyuta itumie injini ipi, na mwishoni mwa namba ile Beatus alikuwa ameweka alama ya kujumlisha. Maana yake ilikuwa: moja nukta moja, au yoyote itakayokuja baada yake.

Mwezi wa Mei mwaka wa tisini na tisa, Beatus akaanguka bafuni. Tangu siku ile hakurudi kazini. Miguu ilimvimba mpaka ngozi ikang'aa, na hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea mito mitatu na gunia la pamba, dirisha likiwa wazi. Mama yake alishuka kutoka Mahenge kuja kusaidia, na Dativa akawa anakwenda kazini nusu siku, siku nyingine haendi kabisa.

Wiki hizo hizo alikuja Deogratias, fundi kijana kutoka Dar es Salaam, mtu mpole na mwenye adabu, kuweka programu mpya ya duka la dawa. Programu yake ilihitaji injini ya moja nukta mbili. Kabla ya kuiweka, alikwenda nyumbani kumwamkia Beatus na kumuuliza kama ile ya damu itadhurika.

"Shikamoo kaka. Nimeona kwenye ukurasa wako umeweka alama ya kujumlisha. Kwa hiyo mpya itaikubali?"

"Marahaba. Itaikubali," Beatus alisema kwa pumzi fupi fupi. "Ndiyo maana niliiweka."

Deogratias akaweka injini mpya kwenye kompyuta zote, akafungua "Tafuta Damu", akaona imefunguka vizuri, majina yakaja. Akaaga, akapanda basi la kwenda Mikumi.

Katikati ya Juni, mavuno yakiwa yamepamba moto na nusu ya mji iko mashambani kwenye vibanda, mwanamke mmoja aitwaye Justa alijifungua mtoto wa kike kwenye wodi ya wazazi. Alikuwa ametoka Mkula, kijijini kwao Dativa. Mumewe, Donati, aliendesha trekta kwenye mashamba ya miwa ya Kidatu, na siku hiyo aliomba ruhusa amsindikize. Mtoto alitoka salama, akalia. Baada ya hapo Justa akaanza kutoka damu, na haikukatika.

Mkunga wa zamu alikuwa Stumai, mwanamke mzoefu. Alifanya yote aliyopaswa kufanya kwa mikono yake, akamwita daktari, akatuma damu ya Justa ipimwe. Ilikuwa kundi O, ambalo halipokei lingine. Donati akapimwa, hailingani. Kaka wa Justa akapimwa, hailingani. Stumai akafungua kompyuta, akabonyeza. Yakaja majina mawili.

Hakushangaa. Ulikuwa msimu wa mavuno, na kila mtu alijua majina hupungua watu wanapotawanyika. Akamtuma dereva wa hospitali. Wa kwanza alikutwa amehama na familia yake, hayupo tena mji huu. Wa pili alikuwa anavuna ng'ambo ya mto. Dereva akaenda mpaka kivukoni, akangoja pantoni, akavuka, akaulizia kibanda hadi kibanda. Alipompata na kurudi naye, yule mtu akiwa bado na makapi ya mpunga kichwani na mkono wa shati amekwisha kuukunja tayari kwa sindano, Stumai alikuwa amekwisha kumfunika Justa shuka.

Siku hiyo Dativa alikuwa nyumbani. Beatus aliamka midomo ikiwa ya bluu, na hakuthubutu kumwacha.

Habari za kifo alizipata kwa watu waliokuja kumwona mgonjwa. Alisikitika kama mtu wa Mkula anavyosikitika kwa mtu wa Mkula. Alikwenda mazishini, akakaa chini na wanawake wengine, akamshika mkono mama wa marehemu, bibi aitwaye Marsiana, ambaye alikuwa na kichanga mapajani amekifunga kwa kanga. Hakujua lolote zaidi ya hapo.

Aliporudi kazini Jumatatu, Stumai alimfuata ofisini, akasimama mlangoni.

"Dada Dativa, hivi watu wetu wa kundi O wamekwenda wapi? Juzi nilipata wawili tu."

"Wawili?" Dativa alisema. "Haiwezekani. Hata wakati wa mavuno hawapungui namna hiyo."

Akafungua, akabonyeza. Kweli, wawili. Kwanza alidhani majina yamefutika. Akatafuta jina moja alilolijua vizuri, Nazari, seremala mwenye karakana yake upande wa pili wa barabara, mbele kabisa ya lango la hospitali. Jina lilikuwepo. Kundi O. Chini yake programu iliandika kwamba huyu apumzike, ametoa damu tarehe moja Juni.

Dativa akabaki anaitazama ile tarehe. Nazari hakutoa damu Juni. Alitoa siku ya Epifania, yeye mwenyewe Dativa alikuwepo, na alimtania kwamba Mamajusi walileta dhahabu na yeye ameleta chupa. Epifania ni tarehe sita ya mwezi wa kwanza. Na kompyuta ilisoma tarehe moja ya mwezi wa sita.

Akafungua jina jingine, na jingine. Yote yalikuwa hivyo. Injini mpya ilitanguliza mwezi, siku ikafuata. Mtu aliyetoa tarehe ishirini na tano Januari alihesabiwa kuwa ametoa mwezi wa ishirini na tano, na kwa kuwa mwezi kama huo haupo, programu ilimsogeza mbele mpaka mwaka wa elfu mbili na moja, kana kwamba atatoa damu siku ambayo haijafika. Wote hao waliambiwa wapumzike. Walipita wachache tu ambao tarehe zao, hata zikigeuzwa, ziliangukia mbali nyuma.

Nje, ng'ambo ya barabara, alisikia randa ya Nazari ikipita juu ya mbao. Siku ile ya Justa pia alikuwa hapo. Dativa hakuhitaji kumuuliza, maana jeneza la Justa alilitengeneza yeye.

"Kuna nini?" Stumai aliuliza.

Dativa alimwonyesha kwa kidole. Stumai alisoma, akatazama dirishani, akasoma tena. Kisha akajifunika uso kwa mikono yote miwili na kuketi sakafuni, na sare yake nyeupe.

Walikwenda pamoja kwa daktari wa zamu wakamweleza. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema damu ingeweza kumwokoa, na ingeweza pia isimwokoe, hakuna awezaye kuapa. Alisema ukurasa ule usitumike mpaka utengenezwe, na mpaka hapo wodi zirudie kutuma watu mitaani kama zamani. Halafu akamuuliza Dativa, kwa sauti ya chini, "Beatus anajua?"

"Hajui."

"Mwangalie. Moyo wake hauna nafasi tena."

Mchana ule Dativa alitembea kwenda nyumbani akiupanga uso wake njia nzima. Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele uani, na Brigita alikuwa pembeni yake akiokota chuya. Beatus alikuwa macho.

"Umewahi kurudi," alisema.

"Nina swali la kazi, Baba Brigita. Dogo tu." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Tangu Deogratias aweke injini mpya, tarehe zinageuka. Mwezi unakaa mahali pa siku."

Beatus alifumba macho. Dativa aliona mshipa wa shingo ukipiga, ukipiga, na akadhani amekosea kuja. Lakini Beatus alikuwa anafikiri, kama alivyofikiri siku zote.

"Tarehe," alisema. "Sikuieleza programu tarehe ikae vipi. Niliiachia injini iamue. Ile ya zamani ilianza na siku, nami nikaona inatosha." Akapumua. "Ile ya zamani bado imo ndani ya mashine? Hakuiondoa?"

"Imo. Ziko zote mbili."

"Basi ni rahisi. Fungua ukurasa, utauona mstari wenye moja nukta moja. Ile alama ya kujumlisha mwishoni mwake, ifute. Iache namba tupu. Hapo itachukua ile ile niliyoiandikia, na hii mpya itabaki na mambo ya dawa." Akavuta hewa. "Fanya hivyo kwenye ukurasa wa kila kompyuta. Na mashine mpya ikija, weka kwanza injini ya zamani. Usimwachie mtu achague."

"Nimeelewa."

"Unajua kwa nini niliweka ile alama?"

Dativa alitikisa kichwa.

"Nilijua sitakuwepo. Matoleo yatakuja, moja nukta mbili, moja nukta tatu, na kila mara itabidi mtu aje abadilishe namba. Nikasema, nani atakuja? Nitamsumbua Mama Brigita mpaka lini? Bora niiandikie ichukue lolote litakalokuja, ijiendee yenyewe." Alitabasamu kidogo, upande mmoja. "Nilitaka iishi bila mimi."

Dativa aliushika mguu wake uliovimba, kwa sababu ndio uliokuwa karibu, na vidole vyake vikaacha mashimo kwenye ngozi, ambayo hayakujaa upesi.

Ndipo Beatus akafungua macho kabisa akamtazama.

"Kuna mtu alikwama? Kwa ajili ya tarehe hizo?"

Aliuliza polepole, na Dativa alijua kwamba akichelewa kujibu hata kidogo, jibu litakuwa limekwisha kutoka. Nje mama mkwe alirusha mchele juu na kuudaka kwenye ungo.

"Hapana," alisema. "Stumai aliona majina ni machache akaniambia. Tumewahi."

"Kweli, Dativa?"

Hakuwahi kumwita kwa jina tangu Brigita azaliwe.

"Kweli."

Beatus alirudisha kichwa kwenye mto. "Mshukuru Stumai," alisema. "Wengine wangenyamaza."

Kesho yake asubuhi Dativa alifungua kurasa moja baada ya nyingine akafuta alama ile. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja kila ukurasa. Alipojaribu kutafuta kundi O, majina yakamiminika, yakajaza kioo chote, na la kwanza kabisa, kwa kuwa alikuwa wa karibu kuliko wote, lilikuwa la Nazari. Dativa alizima kompyuta akaenda uani kwenye bomba, akanawa uso mara nyingi.

Beatus alifariki mwezi wa Julai, saa za mchana, akimsimulia Brigita habari za simba aliyekuwa akiishi mlimani kwao. Alisita katikati ya sentensi. Mtoto alingoja aendelee, kisha akatoka nje kumwita bibi yake, akasema baba amesahau hadithi.

Watu walijaa. Walikuja wa kanisani, wa hospitalini, na wale waliokuwa kwenye programu yake, waliotoa damu wasijue ilikwenda kwa nani. Deogratias alisafiri kutoka Dar es Salaam, akakaa nyuma ya watu, amevimba macho. Stumai alikuwa amemweleza. Na kutoka Mkula walikuja wengi upande wa Dativa, na miongoni mwao Donati. Alivua shati, akashika jembe, akachimba kaburi la Beatus na vijana wengine, akiingia shimoni kila zamu yake ilipofika, mpaka udongo mweusi ukamfika mabegani. Dativa alimwona kutoka chini ya turubai. Alipokuja kumpa mkono, kiganja kilikuwa kimepasuka malengelenge.

"Pole dada Dativa," Donati alimwambia. "Ulikuja kwangu, nami nimekuja. Huyu bwana alikuwa anasaidia watu."

Dativa alifungua kinywa. Wanawake waliokaa kushoto na kulia wakamkumbatia wakidhani kilio kimemzidi, na Donati akapita.

Tangu hapo hakupata amani. Alijaribu kumwambia padre, na padre alimwambia neno la kufariji, lakini si padre aliyechimba kaburi. Alikumbuka ule mkono wa Donati kila aliposhika kitu. Ikapita arobaini ya Beatus, mama mkwe akarudi Mahenge, na Jumamosi moja ya Septemba Dativa akamwacha Brigita kwa jirani, akapanda basi la Kidatu, akashuka Mkula. Hakupita kwa mama yake kwanza. Alijua akipita hapo hatatoka.

Donati alikuwa mbele ya nyumba, ameipindua baiskeli juu chini, anatengeneza mnyororo. Alimletea kigoda, akaendelea kufanya kazi kwa heshima ya mtu anayengoja mgeni aseme kilichomleta. Dativa akasema. Alieleza tangu mwanzo, programu ilifanya nini, injini ilikuwa nini, alama ile iliwekwa na nani na kwa nini, na tarehe ziligeukaje. Hakupamba wala hakukata. Alipofika kwenye jina la Nazari, Donati aliacha kuzungusha gurudumu.

"Yule seremala aliyetengeneza jeneza."

"Huyo."

"Siku ile alikuwepo?"

"Alikuwepo karakanani kwake."

Gurudumu liliendelea kuzunguka lenyewe, likapungua, likasimama.

"Mimi nilikuwa nimesimama langoni," Donati alisema. "Namngoja dereva. Kazi yangu ilikuwa kutazama barabarani tu. Nilikuwa namsikia anapiga randa." Akajifuta mikono kwenye suruali, kwa muda mrefu, ingawa grisi haikutoka. "Angetoa damu, Justa angepona?"

"Daktari anasema hakuna anayejua."

"Wewe unasemaje?"

"Nadhani angepona."

Donati alitikisa kichwa juu na chini, kama mtu aliyeulizwa njia akaikumbuka. "Na mumeo alijua?"

"Aliniuliza. Nilimwambia hakuna aliyekwama."

"Ukamficha yeye. Ukaja kuniambia mimi."

"Yeye nilimwona anakufa, Donati. Nilishindwa. Wewe ulimchimbia kaburi, na nilishindwa kukuangalia ukiwa hujui."

"Hiyo ni raha yako," Donati alisema, bila ukali. "Umekuja umeutua mzigo. Mimi niliishi nikisema ni Mungu aliyependa. Nilikuwa nimeanza kuzoea kusema hivyo."

Jambo lile lilikuwa kweli, na Dativa hakuliona mpaka lilipotamkwa. Alisema tu, "Nisamehe." Donati hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Aliokota spana.

"Mama yake Justa asijue," alisema. "Amebaki na mtoto tu."

Wakati huo huo Marsiana akatokea mlangoni na mjukuu wake begani. Alipomwona Dativa aliita kwa furaha, akamlaumu kwa kukaa nje kama mgeni, akampa mtoto ampakate. Dativa akamwamkia, akampokea. Alikuwa mtoto mzito, mwenye afya, na alimshika Dativa kidole akakipeleka mdomoni.

"Pole mwanangu," bibi alisema, akiketi karibu naye. "Wewe umefiwa, nasi tumefiwa. Mwaka huu umetukamata wote."

Dativa alimpakata mtoto mpaka alipolala, na Donati hakuinua uso kutoka kwenye mnyororo.

Hospitali iliendelea kuitumia programu ya Beatus. Dativa alikuwa mkali juu ya injini. Kompyuta yoyote ilipoletwa, yeye ndiye aliyetangulia kuikalia, na mafundi waliokuja na matoleo mapya waliambiwa wafanye watakalo, ila ule mstari wa namba tupu wasiuguse. Watu kadhaa waliongezewa damu mwaka ule na kuishi. Stumai alikuwa akija kumwambia, "Leo tumempata mtu," naye akifurahi, kisha akigeukia dirisha, upande wa karakana ya Nazari.

Nyumbani alilala upande wake ule ule wa kitanda. Mito mitatu aliiondoa, ila dirisha aliliacha wazi kwa miezi mingi, hata mvua za vuli zilipoanza na mbu wakaingia, kwa kuwa mkono ulikataa kulifunga.

Mkula alikwenda kila mwisho wa mwezi kumwona mama yake. Wakati mwingine alikutana na Donati barabarani, anatoka Kidatu, yuko juu ya trekta au anasukuma baiskeli yenye mzigo. Dativa alisimama akamsalimia kwa jina. Donati alipita akitazama mbele. Marsiana alipoyaona hayo alikuwa akimwambia mkwewe, mbona humwitikii huyu mama, amekukosea nini, na Donati akisema hakusikia, ni kelele za injini ya trekta. Dativa hakuacha kumsalimia.